Walimbana Barkley, wakapigwa pointi 40: ufunguo wa mechi ni kitu gani?

Wiki ya kwanza ya Februari 2025, ikikaribia Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kati ya Chiefs wa hapa Kansas City na Eagles wa Philadelphia, kinyozi wangu alikuwa hanyoi. Mashine inanguruma mkononi, mteja kakaa kitini na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, yeye kageukia benchi la wanaosubiri. "Miye nawaambia," akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira, "Barkley asifike yadi 60, mechi ni ya kwetu. Asipofika 60 na tukapigwa, mwezi muzima nanyoa bure. Muandike."

Dereva mmoja wa malori, Mkenya, shabiki wa Philadelphia Eagles kwa sababu asizowahi kutueleza vizuri, aliandika kwenye simu yake. Halafu akasoma kwa sauti kusije kukawa na kesi baadaye: mwezi mzima, bure, vichwa vyote vilivyomo humu ndani. Mama mmoja aliyekuwa amemleta mwanawe, na ambaye sidhani kama amewahi kutazama mechi moja hadi mwisho, akauliza kitu kilichostahili kuumaliza mjadala palepale: "Huyo Barkley si mmoja? Hao wengine kumi wanakuja kufanya nini?"

Hakuna aliyemjibu. Jumapili ya tarehe 9, ndani ya Superdome ya New Orleans, Saquon Barkley, mkimbiaji wa Eagles, alipewa mpira akimbie nao mara 25 na akapata yadi 57. Chiefs wetu walipigwa 40 kwa 22, na hiyo 22 yenyewe ni ya huruma, nitaeleza kwa nini.

Nimeona niandike juu ya yadi hizo 57, maana ndani yake mna karibu kila kosa tunalofanya sisi mashabiki tunapokaa kutafuta funguo za ushindi. Kinyozi hakuwa peke yake, wala hakuwa mjinga. Msimu ule Barkley alikimbia yadi 2,005, akabakiza 100 kuifikia rekodi ya Eric Dickerson ya mwaka 1984, na kocha akampumzisha mechi ya mwisho. Kwenye mtoano, katika theluji ya Philadelphia, aliwakimbia Rams yadi 205, na mbio mbili kati ya hizo zilikuwa za yadi 62 na 78, moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja. Ukimwona mtu wa namna hiyo anakuja, akili ya kwanza ni kumfungia mlango. Wachambuzi wa televisheni walisema hivyo wiki nzima, na benchi la kinyozi likarudia.

Kwa msomaji aliyeko Afrika Mashariki, ambako Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu na wengi huisikia asubuhi kama habari ya mtu aliyekesha, nieleze mchezo kwa ufupi. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na ushee. Ikifaulu inapata manne mengine. Ikishindwa, mpira ni wa wenzao, na ndiyo maana kwenye jaribio la nne wengi huupiga teke ukaenda mbali, au wakiwa karibu hulenga katikati ya nguzo kwa pointi 3. Kuufikisha eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza huleta ya saba. Kusogea kuna njia mbili tu: mtu aukumbatie mpira akimbie nao, au kwotabeki, ambaye ndiye dira ya timu, amtupie mwenzake aliye mbele. Kila upande una watu 11 uwanjani, na kila timu ina vikosi viwili, cha kushambulia na cha kulinda, vinavyopishana.

Hilo la vikosi viwili ndilo watu husahau. Wiki nzima mabango yalikuwa "Mahomes dhidi ya Hurts", kana kwamba ni ndondi. Patrick Mahomes wa Chiefs na Jalen Hurts wa Eagles hawakukanyaga nyasi kwa wakati mmoja hata mara moja. Mmoja akiwa kazini mwenzake yuko benchi anakunywa maji. Mahomes alikuwa anacheza na ulinzi wa Philadelphia, Hurts na ulinzi wa Kansas City, na kulinganisha takwimu zao ni sawa na kulinganisha wanafunzi wawili waliofanya mitihani tofauti.

Sasa twende kwenye funguo zenyewe.

Dereva wetu alikuwa na ufunguo wake: "Buda, angalia hesabu. Eagles wakikimbiza mpira zaidi ya mara 30, hawapotezi." Hesabu kama hizi ni tamu kwa sababu ni za kweli. Timu nyingi zikikimbiza mpira mara nyingi hushinda. Lakini jiulize kwanza saa inafanya nini. Mechi ni dakika 60, robo nne za dakika 15. Pasi ikidondoka bila kudakwa, saa inasimama. Mtu akikimbia akaangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea, na timu ina sekunde 40 kabla ya kulazimika kucheza tena. Kwa hiyo timu inayoongoza 24 kwa 0 ina kila sababu ya kukimbiza mpira: yadi hata zisipopatikana, muda unakwenda. Timu iliyo nyuma haina anasa hiyo, inatupa tu. Jioni ukihesabu, unakuta mshindi kakimbia mara 40 na mshindwa mara 12, unasema kukimbia ndiko kulikoshinda. Ni sawa na kuona watu wengi wenye miavuli njiani ukasema miavuli ndiyo iliyoleta mvua.

Muda wa kukaa na mpira ni ndugu yake huyo. Nao huandikwa kwenye kila orodha ya funguo kabla ya mechi, na nao mara nyingi ni mkia unaodhaniwa kuwa kichwa.

Ufunguo wa uzoefu niupite haraka. Tuliambiwa Chiefs wameshazoea, wana vikombe viwili mfululizo na wanatafuta cha tatu, jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifanya tangu Super Bowl ianze. Kinyozi alikuwa na fulana ya hilo. Uzoefu ni mzuri, ila haumzuii mtu wa kilo 120 anayekuja mbio.

Lililo zito ni la Barkley, maana hapo mtego ni wa ndani zaidi. Ufunguo wa kinyozi ulikuwa wa kweli kwa namna zote. Barkley alikuwa hatari, aliweza kuzuiwa, na akazuiwa: yadi 2 na robo kwa kila mbio, baada ya msimu ambao alikuwa akipata karibu 6. Kama funguo zingekuwa funguo, mlango ungefunguka. Haukufunguka kwa sababu ya swali la yule mama.

Ulinzi una watu 11. Huwezi kuwa na wa kumi na mbili. Ukitaka kumbana mkimbiaji hodari, unasogeza watu mbele, katikati, karibu na mstari wa kuanzia. Kila unayemsogeza mbele umemtoa nyuma. Macho ya wale wanaobaki nayo yanavutwa: Hurts akijifanya anampa Barkley mpira, kila mlinzi aliyehubiriwa Barkley wiki nzima anapiga hatua moja mbele, na hatua hiyo moja ndiyo nafasi ya mtu kupita mgongoni. Pia kuna mtu ambaye benchi la kinyozi halikumtaja hata kidogo, yaani Hurts mwenyewe, ambaye anaweza kuubakiza mpira akakimbia. Usiku ule alikimbia mara 11 akapata yadi 72. Kwotabeki alimpita mkimbiaji wa yadi 2,005 kwa yadi 15. Alitupa pasi 22, zikafika 17.

Robo ya tatu, Chiefs wakiwa nyuma 27 kwa 0, walilazimika kujaribu bahati kwenye jaribio la nne badala ya kupiga teke. Wakashindwa. Eagles wakaupokea mpira, na mchezo uliofuata mara moja Hurts hakuhangaika na Barkley wala na saa: aliutupa mbali hadi kwa DeVonta Smith, yadi 46, tachidauni. Ulinzi wa Chiefs ulikuwa umeziba ufa kwa tofali ulilong'oa kwenye ukuta wa pili.

Kwa hiyo Barkley alifanya kazi yake kubwa usiku ule kwa kuzuiwa. Sidhani kama nimewahi kumwelewesha kinyozi jambo hili hadi mwisho. Mchezaji mkubwa anauma hata asipogusa mpira, kwa sababu ya gharama unayoilipa ili asiuguse. Ukisema "tumzuie fulani", bado hujasema kitu. Sema utamzuia kwa watu wangapi, na hao watu umewatoa wapi.

Hesabu hiyohiyo, ukiigeuzia upande wa pili, ndiyo iliyoiua Kansas City kabisa, na hapa nataka nikae kidogo.

Mahomes akirudi nyuma kutupa, mbele yake wamesimama watu watano wa kumkinga. Huo tuuite ukuta. Ulinzi kwa kawaida hutuma wanne wamkimbilie, na wanaobaki saba wanawachunga wapokeaji, ambao hawazidi watano. Wanne kwa watano: kwenye karatasi ukuta unashinda, kwotabeki anapata sekunde zake tatu, na anatafuta mtu aliye wazi. Mlinzi asiyetaka hivyo anaweza kutuma watu sita, hata saba. Huo ni uvamizi, mashabiki wanauita blitizi, na ndio uliopigiwa kelele sana kwenye lile benchi na upande wa Eagles: mvamieni, msimwachie pumzi. Lakini ukituma sita, nyuma wamebaki watano kwa wapokeaji watano, mtu na mtu wake, bila wa kusaidia. Mahomes amejenga maisha yake juu ya watu wanaomvamia. Anaona uwazi kabla haujatokea, anatupa, na umekwisha.

Kocha wa ulinzi wa Eagles alikuwa Vic Fangio, mzee wa Pennsylvania ambaye kazi yake yote ni ya uvumilivu. Katika mechi nzima hakutuma mvamizi wa ziada hata mara moja. Sifuri. Wanne wake walikwenda dhidi ya ukuta wa watano, na wanne wakashinda. Mahomes aliangushwa na mpira mkononi mara 6, mara nyingi kuliko mechi nyingine yoyote aliyowahi kucheza. Nyuma yake, kila alipotazama, walinzi saba walikuwa wamewakalia wapokeaji watano.

Nieleze dakika mbili za robo ya pili, maana nilizitazama mara nne baadaye nikijitesa. Eagles wanaongoza 10 kwa 0. Chiefs wana mpira, bado mechi ipo. Josh Sweat wa Eagles anapita pembeni ya ukuta, Mahomes chini. Jaribio linalofuata, Jalyx Hunt, Mahomes chini tena. Sasa ni jaribio la tatu na zimebaki yadi 16, umbali ambao kila mtu uwanjani anajua lazima utupe, na utupe mbali. Mahomes anatoka kukwepa, anatupa huku anakimbia, na Cooper DeJean, kijana wa msimu wa kwanza, anaukatiza mpira na kuurudisha yadi 38 hadi tachidauni. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, alikuwa anatimiza miaka 22. Ilikuwa pia siku ya kuzaliwa ya Barkley, wa 28. Mambo mengine yakikuandama yanakuandama.

Kwenye orodha za funguo pale ingeandikwa "msipoteze mpira". Kila orodha inaandika hivyo, na ni kweli kwamba anayepoteza mpira mara nyingi zaidi kwa kawaida hupoteza mechi. Chiefs walipoteza mara 3, Eagles mara 1. Lakini kumwambia kwotabeki asipoteze mpira ni kama kumwambia dereva asipate ajali. Pasi ile ilizaliwa na yadi 16, yadi 16 zikazaliwa na kuangushwa mara mbili, na kuangushwa kukazaliwa na ukuta. Na ukuta ulikuwa na kisa chake: Joe Thuney, mtu wa ndani, mmoja wa walio bora kabisa katika ligi kwa nafasi yake, alikuwa amehamishiwa pembeni tangu Desemba kwa sababu waliojaribiwa pembeni walishindwa. Ukimtoa ndani umeacha pengo ndani, na pembeni umeweka mtu aliyezoea kupigana chumbani, ukamwambia sasa apigane uwanjani. Tofali lilelile.

Hadi mapumziko Chiefs walikuwa wamesogea jumla ya yadi 23. Siyo kwa jaribio, kwa nusu nzima ya mechi. Ubao ulisoma 24 kwa 0. Kwenye sebule tuliyokaa mtu mmoja alianza kukusanya sahani.

Kinachouma ni kwamba tulishaiona filamu hii. Februari 2021, mjini Tampa, Chiefs hawakuwa na watu wao wawili wa pembeni ya ukuta, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, wote majeruhi. Buccaneers walituma wanne, wakabakiza saba, Mahomes akakimbizwa usiku kucha, na timu iliyokuwa inafunga inavyotaka ikamaliza bila tachidauni hata moja: 31 kwa 9. Tena ukirudi nyuma zaidi, Februari 2008, Giants waliwapiga Patriots 17 kwa 14. Patriots walikuwa hawajapoteza mechi yoyote, wana ushindi 18, na Tom Brady akaangushwa mara 5, nyingi kwa kazi ya watu wa mbele tu. Na kocha wa ulinzi wa Giants usiku ule alikuwa nani? Steve Spagnuolo, ambaye mwaka 2025 alikuwa ndiye kocha wa ulinzi wa Chiefs, amesimama pembeni ya uwanja wa New Orleans akiangalia dawa yake ikinyweshwa watu wake.

Hapo mtu anaweza kuruka na kusema basi, tumepata: ufunguo wa Super Bowl ni wanne kuwashinda watano. Nami ningesema hivyo, kama nisingekumbuka Februari 2023.

Mwaka ule timu ni hizihizi, Eagles na Chiefs, mjini Glendale, Arizona. Eagles walikuwa wameingia na safu ya mbele ya kutisha: walikuwa wamewaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu. Mahomes alikuwa anachechemea kifundo cha mguu. Ufunguo ulikuwa wazi kuliko jua. Idadi ya mara alizoangushwa: sifuri. Ukuta wa Chiefs wakati huo ulikuwa mzima, mpira ulitoka mkononi haraka, na nyasi zilikuwa zinateleza kiasi kwamba mtu akitaka kukata kona anabaki anacheza muziki. Mashabiki wa Philadelphia wanalalamikia zile nyasi hadi leo. Chiefs wakashinda 38 kwa 35.

Mechi hiyo hiyo ina kitu kingine ambacho hakiwekwi kwenye orodha. Hurts alicheza vizuri kuliko alivyocheza miaka miwili baadaye alipochaguliwa mchezaji bora wa mechi. Mwaka 2023 alitupa yadi 304, akakimbia 70, akaingiza tachidauni tatu kwa miguu yake. Mwaka 2025 alitupa 221. Lakini 2023 mpira ulimponyoka mara moja, peke yake, hakuguswa na mtu aliyestahili kusifiwa, ukadunda, Nick Bolton wa Chiefs akauokota na kwenda nao yadi 36 hadi tachidauni. Mechi iliamuliwa kwa pointi 3. Mpira wa mchezo huu una umbo la yai, nao ukidunda hauna rafiki. Kuubana ni ustadi, kuuangusha ni kosa, lakini unadundia kwa nani ni bahati tupu, na hakuna kocha anayesimama mbele ya kamera kusema ufunguo wetu Jumapili ni bahati.

Sisi wa Kansas City ndio tuliokuwa wa mwisho kutaka kulisikia hilo. Msimu wa 2024 Chiefs walimaliza na ushindi 15 na vipigo 2, na katika ushindi huo, 11 ulikuwa wa tofauti ya pointi 8 au pungufu. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Ravens, sekunde ya mwisho kabisa, Isaiah Likely alidaka mpira eneo la mwisho, uwanja ukanyamaza, waamuzi wakarudi kwenye picha: ncha ya kiatu chake ilikuwa juu ya mstari wa nje. Ncha ya kiatu. Tukashinda 27 kwa 20. Novemba, Broncos walikuwa na teke la yadi 35 la kutumaliza, saa imeisha, na mkono wa Leo Chenal ukaupata mpira hewani: 16 kwa 14. Kila mara kinyozi alisema, "Timu kubwa inajua kushinda." Na mimi niliitikia. Ushindi mwembamba mfululizo unaonekana kama tabia, wakati sehemu yake ni viatu vya watu.

Kwa hiyo siku hizi mtu akinitajia ufunguo wa mechi, ninamuuliza maswali yangu mawili, ya kero kidogo. Je, hicho ni kitu cha kufanya au ni kitu cha kuhesabu mechi ikiisha? Na ukikifanya, utakilipia wapi? Hili la pili ndilo linalochuja. Eagles walishinda kwa sababu wanne wao walifanya kazi ya sita, na ile tofauti ya watu wawili ikabaki nyuma kuwa ulinzi. Walipata kitu bila kulipa. Chiefs walipata walichokitaka, Barkley kakaa kimya, na wakalipia kila senti.

Upande wa Eagles nao ukuta wao ulistahili makala yake peke yake. Anayesimama kushoto, Jordan Mailata, ni Mwaustralia aliyekuwa mcheza raga. Mwaka 2018 Eagles walimchukua raundi ya saba ya mgao wa wachezaji wapya, wakati huo hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu. Dereva wetu akifika hapo lazima aingize Kenya, na kwa haki: Daniel Adongo naye aliacha raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na akacheza. "Kumbe ni sisi tulianza," husema, na hakuna anayembishia kwa sababu ana sauti kubwa kuliko sisi sote.

Niliahidi ile 22. Chiefs walikuwa nyuma 34 kwa 0 walipopata tachidauni ya kwanza mwishoni mwa robo ya tatu. Teke mbili za Eagles zikafanya 40 kwa 6. Dakika tatu za mwisho, Eagles wakiwa wameshaanza kumwagiana vinywaji kichwani na walinzi wakuu wakiwa wamepumzishwa, Mahomes akapata tachidauni mbili za haraka, moja ya yadi 50, kila moja na pointi 2 za nyongeza badala ya teke. Matokeo yake, ukifungua karatasi ya takwimu leo bila kuona mechi, utakuta Mahomes ana yadi 257 na pasi tatu za tachidauni, Hurts ana 221 na mbili. Mtu asiyejua atasema kwotabeki wa Kansas City alikuwa bora. Hizo ndizo takwimu ambazo msimu unaofuata mtu atazichukua kutengeneza ufunguo.

Jumamosi baada ya mechi nilikwenda kunyolewa. Dereva alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kwenye kiti cha kwanza, kofia ya kijani ya Eagles magotini, simu imefunguliwa pale alipoandika. Kinyozi hakusema neno. Alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akamnyoa kichwa chote bila kusimama hata mara moja, jambo ambalo sijaliona tangu nihamie mtaa huu. Alipomaliza alipangusa nywele, akamgeuza kwenye kioo.

"Na ndevu?" dereva akauliza.

"Ndevu ni dola tano," akasema kinyozi. "Uliandika vichwa."

Mama yule naye alikuwa kwenye benchi na mwanawe. Kinyozi akamwita mtoto, akamwinua kwenye ubao juu ya kiti, na kabla ya kuanza akamgeukia mama mtu, mashine ikinguruma hewani: "Mama, ile siku uliuliza hao kumi wengine. Kuanzia mwaka kesho, kwanza nitakuuliza weye."

"Mimi nilikuwa nauliza tu," akasema mama. "Mnyoe mtoto, tunachelewa kanisani kwenye mazoezi."